Uji Niliompikia Mama Mkwe

Siku ya kuniaga mlininunulia soda na keki, vitu viwili ambavyo nimetumia nusu ya maisha yangu kuwakataza watu. Nilikula na kunywa kwa sababu mlikuwa mnanitazama. Tulipokuwa tunakusanya sahani, Rhobi wa zamu ya asubuhi akaniuliza, "Mzee, hii oti tunayowaandikiaga watu wa sukari na presha, ilifikaje huku kwetu? Mama yangu anasema imekuja na matajiri." Nilimjibu kwa kifupi, na jibu lenyewe halikuwa kamili. Sasa niko nyumbani, sina sufuria ya kuangalia, nimeona niandike jibu refu kwa ajili yenu nyote wa jikoni na wa chumba cha lishe. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara wenyewe mnaujua.

Nilimaliza kidato cha nne Musoma wakati vita ya Kagera imekwisha na maduka yamebaki na rafu tu. Nilikwenda hospitali ya misheni iliyo kando ya ziwa na cheti changu ndani ya bahasha, nikitumaini kuwekwa kwenye chumba cha dawa au ofisini. Sista mkuu alikisoma, akakirudisha kwenye bahasha vizuri kuliko nilivyokuwa nimekiweka mimi, akasema nafasi iliyopo ni ya jikoni. Kwetu mwanamume alikuwa hapiki. Nilikubali kwa sababu nyumbani tulikuwa tumefikia kula mara moja kwa siku, nikajiambia kwamba jikoni mtu hawezi kufa njaa.

Mkuu wa jiko alikuwa Mama Nyangeta, mwanamke wa Kijita ambaye sauti yake ilifika wodini kabla ya chakula. Jina langu hakulitumia. Aliniita Fomu Foo. Asubuhi ya kwanza alinipa mwiko mrefu kama kasia, akanisimamisha mbele ya sufuria ambayo ningeweza kuoga ndani yake.

"Koroga, Fomu Foo. Usisimame ukaanza kufikiri. Uji haungojagi mtu anayefikiri."

Nilikuwa nimemwaga unga mkavu moja kwa moja kwenye maji yanayochemka. Ninyi mnajua kilichotokea. Mama Nyangeta alichota madonge yote kwa upawa, akayaweka kwenye bakuli, akanipa kijiko. "Donge ni la aliyelipika," akasema. Niliyala mbele ya wenzangu. Kesho yake nilikoroga unga kwa maji baridi kwanza, na sikupika donge tena mpaka nilipostaafu, isipokuwa siku ya harusi ya binti yangu, na siku ile nilikuwa nimesukumwa.

Alinifundisha kuwasha kuni mbichi, kujua kwa harufu kama dagaa wamekaushwa kwenye mchanga au kwenye mwamba, na kupokea mabakuli yanaporudi kutoka wodini. Hilo la mwisho alilipenda kuliko yote. Hakumuuliza mgonjwa kama amekula. "Mgonjwa atakwambia amekula ili uondoke. Wewe tazama bakuli." Si kwamba alijua kila kitu. Aligoma kuwapa mayai wajawazito, akisema mtoto atazaliwa na upara, na Sista mkuu alipigana naye kwa jambo hilo mpaka mmoja wao akahamishwa. Aliyehamishwa alikuwa Sista.

Miaka ile ilikuwa ya taabu. Sukari ilikuja kwa mgao, sabuni hivyo hivyo, na unga wa sembe ulikuwa wa mahindi ya njano ya msaada ambayo watu waliyala huku wakiyanung'unikia. Tulipika bulga, ile ngano ya msaada iliyovunjwavunjwa. Tulipika muhogo na furu, wale samaki wadogo wenye miiba mingi, ambao siku hizo walianza kupungua ziwani kwa sababu ya sangara. Ndipo siku moja lori la misheni likaleta magunia ya kitu ambacho hakuna aliyekijua. Ndani kulikuwa na vipande vyeupe vyembamba, kama pumba zilizopigwa pasi. Mama Nyangeta alichota kiganjani, akapuliza, vikaruka.

"Wametuletea makapi. Nafaka yenyewe wamebaki nayo."

Mimi nikasoma maandishi ya Kiingereza kwenye gunia na kutangaza kuwa ni oti. Wengine huiita shayiri, lakini shayiri ni nafaka nyingine, ni ndugu yake tu. Gunia lilisema chemsha kwa maji, weka chumvi. Nilikuwa nimesubiri muda mrefu siku ambayo cheti changu kingefaa kitu, nikasema niachieni. Nikapika kama gunia lilivyosema. Ukatoka uji wa kijivu wenye ute, ukivuta upawa unakufuata.

Kwenye wodi ya wanaume kulikuwa na mvuvi mzee aliyevunjika mguu. Alinyanyua kijiko, akautazama ute ukishuka bila kukatika, akawageukia wenzake. "Mlenda tunakulaga na ugali. Huu wa kunywa asubuhi ni wa kabila gani?" Wodi nzima ilicheka, hata waliokuwa na mishono. Mabakuli yalirudi yamejaa. Mama Nyangeta aliyapanga mezani moja moja mbele yangu.

Hatukuwa na kitu kingine cha kupika, kwa hiyo ilibidi oti ipikike. Mama Nyangeta ndiye aliyeanza kuikaanga. Aliiweka kwenye sufuria kavu, moto mdogo, akaigeuza mpaka ikanukia kama karanga na kuwa na rangi ya mchanga wa ufukwe wa Mwisenge. Kisha akaitwanga. Mimi nikasema tuchanganye na unga wa ulezi uliokuwa umebaki, tukajaribu nusu kwa nusu, ukawa mzito. Tukajaribu kikombe kimoja cha oti kwa vitatu vya ulezi, ukakaa sawa. Tuliukoroga kwa maji baridi, tukamimina kwenye maji yanayochemka, tukaacha uchemke taratibu hadi ute ukapotelea ndani ya ulezi. Ukipoa kidogo tulitia maziwa mgando. Wagonjwa wenye nafuu tuliwapa hivyo. Kwa watoto, na kwa waliokuwa na vidonda mdomoni, tuliupika mzito karibu kama ugali, tukauacha upoe hadi kidole kiweze kuvumilia, kisha tukaweka kijiko cha kimea. Kimea ni ulezi uliolowekwa, ukafunikwa kwa gunia bichi mpaka ukaota, ukaanikwa na kusagwa. Ukikikoroga, ule uji mzito unalegea mbele ya macho yako na kuwa wa kunywa, na nguvu yake yote imo. Unaurudisha motoni uchemke tena, basi. Nimeona watu wazima wakiitana kuja kutazama.

Yule mvuvi mzee alipoletewa, alionja, akaonja tena. "Huu sasa ni uji," akasema. "Ila msiniambie mmetia nini."

Namkumbuka Mama Nyangeta kwa uji ule kuliko kwa maneno yake mengi. Alistaafu kabla masharti ya biashara hayajalegezwa, akarudi kijijini kwao, rasini, na mimi nikapelekwa kozi fupi ya lishe, nikapangiwa kliniki ya mama na mtoto Bunda. Sikwenda kumwona kabla hajafa. Nilisema nitakwenda pamba ikishavunwa na mabasi yakipungua watu. Mabasi ya Bunda hayajawahi kupungua watu.

Huko Bunda ndiko nilikomwoa Rebeka, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Kizanaki kutoka upande wa Butiama. Hapa lazima niwaeleze ninyi mliokulia mjini. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaogopana. Hawashikani mikono. Hawali wakionana. Mmoja akiwa amelala kitandani, mwingine haingii chumba hicho. Wakiwa na neno, wanalipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wamekaa hatua chache na wote wanasikia. Jina lake silitaji hata leo, na si kwamba ni siri. Siyo uadui pia. Mama mkwe wangu alinipenda, nami nilijua hivyo kwa vitu alivyotuma: jogoo, kibuyu cha maziwa, na kila mavuno debe la ulezi wake mwekundu ambao ulikuwa hauna mchanga hata punje.

Ulipofika wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Bunda yalijaa kwa kasi ambayo sisi tuliozoea foleni hatukuiamini. Mitumba, redio, mafuta ya kupikia ya rangi zote. Na oti ikarudi, safari hii si kwa magunia ya msaada. Ilikuwa kwenye makopo yanayong'aa, yamepitia mpakani Sirari, yamepangwa kwenye rafu ya juu mahali ambapo mwenye duka lazima apande kwenye stuli kuyashusha. Nilipoliona kopo la kwanza nilifurahi kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake.

Furaha ile iliniharibu. Kwenye mafunzo ya asubuhi kliniki nilikuwa nasimama mbele ya akina mama waliobeba watoto, nimelishika kopo juu. Niliwaambia yaliyo kweli: kwamba oti hukaa tumboni muda mrefu, kwamba inalainisha choo, kwamba ule ute wake ambao watu waliudharau ndio unaozuia sukari isipande kwa haraka na unaopunguza mafuta mabaya kwenye damu. Kisha nikaongeza yasiyo kweli. Niliwaambia ulezi ni chakula cha zamani, ni wa kupikia pombe, mtu wa kisasa anaachana nao. Mbona nilisema hivyo? Nadhani nilichoka kuwa mwanamume anayepika uji. Kopo lilinifanya nionekane mtaalamu.

Mama mmoja alileta mtoto ambaye uzito haukupanda. Nikamwambia anionyeshe anachompa. Akafunua kikombe, na nilikiona kitako cha kikombe kupitia ule uji. Kopo moja alikuwa analitumia mwezi na nusu. Nilimkemea kwa kutia maji mengi. Ilinipasa kumuuliza kuhusu ulezi wa shambani kwake, sikumuuliza, akaondoka ameinamisha kichwa.

Mwaka uliofuata mama mkwe alipimwa akakutwa na sukari na presha. Akapewa vidonge. Rebeka akaniuliza jioni, "Baba Neema, mama ale nini?"

Nikamjibu kama nilivyokuwa nawajibu wote. "Mwambie aache uji wa ulezi. Aache na ule ugali wa muhogo. Anywe oti asubuhi na jioni, nitakuwa namtumia."

"Ulezi kabisa?"

"Kabisa."

Nikawa natuma kopo kwa kondakta wa basi, na kondakta analiacha dukani pale njia panda ya Butiama. Nilijivuna sana na makopo yale. Kila Rebeka aliporudi kutoka kwao nilimuuliza mama anaendeleaje na oti. "Anakunywa," alinijibu. Anaipenda? "Anakunywa, baba Neema." Mimi ambaye kazi yangu yote ilikuwa kutazama bakuli, bakuli la mtu huyu mmoja nilikuwa sina ruhusa ya kulitazama. Nilikuwa nimemwandikia chakula mtu ambaye singeweza kumwona akila, na yeye alikuwa mtu ambaye asingeweza kumwambia mkwe wake kwamba chakula chake hakitoshi. Zawadi ya mkwe hairudishwi, na neno lake halijadiliwi.

Kilichokuwa kikitendeka nilikuja kukijua baadaye kwa Rebeka, na Rebeka alikijua kwa jirani. Mama mkwe aliona kopo lile ni chakula cha heshima. Mgeni akifika, awe katekista au mzee wa ukoo, alipikiwa oti. "Mkwe wangu wa Bunda ametuma," anawaambia, na wageni walizidi kuongezeka. Yeye mwenyewe alikuwa anajipimia kijiko kimoja kwenye maji mengi, asubuhi na jioni kama nilivyosema, na vidonge anameza kama daktari alivyosema. Mbegu yake ya ulezi aligawa. Shemeji yangu, ambaye angelima, alikuwa Buhemba anatafuta dhahabu, na shamba likaota nyasi.

Wakati huo nilikuwa nimerudishwa Musoma, hospitali ile ile, safari hii kwenye chumba cha lishe, na Rebeka alikuwa bado Bunda anafundisha. Asubuhi moja nesi wa wodi ya wanawake alikuja mlangoni kwangu.

"Mzee wa lishe, kuna bibi kaletwa jana na binti yake. Kakonda, sukari ilishuka mpaka akawa anatetemeka. Tumempandishia dripu. Sasa hataki kula. Njoo umwone."

Nilikwenda nikijifuta mikono. Nilipofika mlango wa wodi nikamwona Rebeka amekaa kwenye kitanda cha dirishani, na mkono mwembamba umelala juu ya paja lake. Nikageuka, nikarudi nje haraka.

"Mbona unakimbia?" nesi akauliza.

"Ni mama mkwe."

Alikuwa msichana wa huku huku. Alicheka, kisha akaacha. "Basi tumepatikana," akasema.

Daktari wetu alikuwa kijana mgeni, mtu wa kusini, mwenye haraka. Alitukuta tumesimama barazani. Nesi akamweleza. Alinitazama kwa muda kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua.

"Mzee, wewe ndiye wa lishe au kuna mwingine?"

"Ni mimi."

"Vidonge siwezi kumpa akiwa hali. Na dripu ni maji na sukari kidogo, haitambeba siku nyingi. Huyu bibi asipoanza kula leo au kesho tutampoteza. Sijui mnafanyaga nini huku kwenu, lakini fanyeni."

Akaingia wodini. Nikamwita Rebeka nje. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndipo akanisimulia habari ya wageni, kijiko kimoja na shamba. Alinisimulia bila kunilaumu, na ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

"Nimempikia ulezi leo asubuhi kwenye jiko la wanaouguza wagonjwa," akasema. "Nimempelekea. Anasema mkwe amekataza."

"Na oti?"

"Hiyo mliyomletea toka jikoni kaipa mgongo, kageukia ukutani. Hawezi tena. Ila hawezi kusema."

Nilizunguka jengo. Dirisha la kitanda chake lilikuwa linaangalia upande wa ziwa, na chini yake kuna kijia cha kwenda kufulia. Nikasimama hapo, mgongo wangu ukutani, uso wangu kwenye maji. Rebeka akakaa ndani, kitandani, kati yetu.

"Mwambie mama nimesema ale ulezi," nikasema.

"Mama, anasema ule ulezi."

Sauti ya mama mkwe ilitoka ndogo, lakini ilikuwa ile ile. "Namsikia. Muulize, ni ulezi ule aliosema niuache?"

"Anauliza kama ni ule…"

"Nimesikia. Mwambie ndiyo, ule ule. Mwambie nilikosea."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama mnene aliyekatwa kidole tumbo, akadakia. "Dada, kasema amekosea. Wangu mimi mkwe kanivunjia kinu na mpaka leo ananiambia kilikuwa kibovu." Wakacheka wawili watatu.

Mama mkwe hakucheka. "Mwambie mkwe hakosei," akasema. "Labda dawa za siku hizi zimebadilika."

"Mwambie dawa hazijabadilika. Ulezi haukuwa na kosa. Ni mimi."

"Mwambie asiseme hivyo mbele za watu."

Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu anayekataa kabisa niwe na hatia, huku mifupa yake inaonekana. Adabu yake ilikuwa inamuua, na mimi ndiye niliyeipa kazi hiyo. Nikasema tena, safari hii kwa sauti ya kawaida, bila kusema mwambie. "Mama, kama hutakula, Rebeka atabaki bila mama kwa sababu ya neno langu. Nisaidie nisiwe mtu huyo."

Nilikuwa nimemsemesha moja kwa moja, jambo ambalo halifanyiki. Nilimsikia Rebeka akishusha pumzi. Kisha mama mkwe akasema, polepole, bado kwa binti yake:

"Nimesikiaga miaka yote watu wanausifu mkono wake. Hata wanaume waliolazwa hapa wakirudi Butiama wanausifu. Mimi peke yangu sijauonja. Mwambie kama ni uji, apike yeye."

"Mama?" Rebeka akauliza.

"Umesikia. Na aulete yeye."

Jiko letu lilikuwa halina ulezi. Nilikuwa nimeuondoa mwenyewe kwenye orodha ya manunuzi. Nilikwenda sokoni kwa baiskeli, nikanunua ulezi mwekundu uliochekechwa, na kwa kuwa kimea hakuna anayekiuza siku hizi isipokuwa wapika pombe, nikaenda kwa wapika pombe. Mama wa pale alinitambua kutoka kliniki. "Mzee wa lishe, leo umekuja upande wetu," akasema. Alinipimia kwa ukarimu na kunifungia kwenye gazeti.

Nilipika peke yangu. Niliwaomba wenzangu watoke, wakatoka, wakabaki kuchungulia. Nilikaanga oti kidogo, nikaitwanga, nikachanganya na ulezi, kwa kipimo kile kile cha zamani. Nilikoroga kwa maji baridi. Nilionja mara tatu, jambo ambalo sikulifanya hata siku nilipompikia askofu. Nikaupika mzito, nikaupoza, nikaweka kimea, ukalegea. Nikauchemsha tena. Nikatia maziwa mgando, sukari sikutia. Nikaumimina kwenye bakuli la bati lenye ua, nikafunika kwa kisahani.

Nilipoingia wodini kila mtu alikuwa ghafla na kazi ya kutazama dari. Nilitembea nikiangalia sakafu. Niliona miguu ya kitanda, ndara za Rebeka, kisha pindo la kanga. Nikampa Rebeka bakuli.

"Mwambie akae," mama mkwe akasema. "Asinitazame."

Rebeka akanisogezea stuli. Nikaigeuza, nikakaa nikiwapa mgongo, uso wangu kwa yule mama wa kidole tumbo, ambaye alijifanya amelala. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia kanga yake ikisogea. Kisha nikasikia kijiko kikigusa bati.

Halafu hakuna kitu kwa muda mrefu. Nilidhani amekirudisha.

Kijiko kikagusa tena. Nikasikia akimeza, polepole, kama mtu anayejifunza. Kikagusa tena. Nilikaa pale mikono juu ya magoti, mtu mzima, mpishi, nikisikiliza uji wangu ukiliwa. Sauti ya kijiko ilibadilika kadiri bakuli lilivyopungua, ikawa juu juu kidogo, ikaanza kukwaruza. Mama wa kidole tumbo alifungua jicho moja, akatazama nyuma yangu, akalifunga tena huku anatabasamu.

Kisha kijiko kikasimama. Nikasubiri. Hakikuendelea.

"Vipi?" nikauliza bila kugeuka. "Uji umemshinda?"

"Amebakiza kidogo," Rebeka akasema, na sauti yake haikuwa sawa. Nikasikia akiambiwa kitu kwa Kizanaki, chini chini. Mkono wake ukapita juu ya bega langu ukiwa na bakuli, na kijiko kimo ndani. Chini kulikuwa na uji wa mafunda mawili au matatu, bado vuguvugu.

"Anasema umalizie," Rebeka akasema.

Kwetu chakula anachobakiza mama ni cha mwanawe. Hakipewi mkwe, hakipewi mgeni, hata awe nani. Miaka aliyoishi baada ya hapo, na aliishi, na alilima ulezi tena, hakulitaja jambo lile, wala mimi sikulitaja. Lakini siku ile nilishika kijiko alichokilia yeye, kikiwa na joto la mkono wake, na mgongo wangu ukiwa bado kwake, nikala.